Misimu Saba Kabla ya Kombe: Niliyoyapitia Nikiwa Meneja wa Timu ya Hoki ya Kwenye Kompyuta

Usiku nilipotwaa ubingwa nilikuwa nimekaa gizani, simu mkononi, nasoma maandishi. Mechi zetu hazina picha wala kelele za mashabiki. Programu inazicheza yenyewe na kuandika kinachotokea mstari kwa mstari: huyu kachukua kisahani, yule kapiga, kipa kaokoa, adhabu ya dakika 2. Unasoma roho ikiwa juu juu, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Niliufikia usiku huo baada ya misimu saba, ambayo kwa kalenda ya kawaida ni miaka miwili na ushee, na ndani ya misimu hiyo niliharibu karibu kila kitu ambacho meneja anaweza kukiharibu. Namwandikia yule anayekabidhiwa timu leo na kuamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba maadamu anafuatilia michezo basi na hili ataliweza.

Kwa asiyeijua hoki ya barafuni: barafuni wanakuwepo sita kwa kila timu, yaani kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu, ambao ni senta katikati na winga kushoto na kulia. Wanagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu kwa magongo, vipindi vitatu vya dakika 20. Kasi ni kubwa mno kiasi kwamba mchezaji hukaa barafuni sekunde 45 hivi, kisha anarudi benchi na mwenzake anaingia. Ndiyo maana timu inapangwa kwa mistari: mistari minne ya washambuliaji, jozi tatu za mabeki, makipa wawili. Jumla 20 kwa mechi moja, na kikosi kizima ni watu 23.

Ligi yetu imeiga sheria za NHL, ile ligi kuu ya Marekani na Kanada. Timu 32, kila moja ina mtu wake. Mechi 82 kwa msimu, kisha timu 16 zinaingia kwenye mtoano, na kila raundi anayeshinda mechi nne ndiye anayesonga mbele. Meneja hachezi. Kazi yako ni kusajili, kubadilishana wachezaji na wenzako, kuchagua chipukizi kwa zamu siku ya drafti (timu dhaifu hutangulia kuchagua), kupanga mistari, kisha kutuma faili la kikosi kwa msimamizi wa ligi kabla hajaendesha mechi. Baada ya hapo unakuwa mtazamaji kama watazamaji wengine.

Mimi nilirithi timu iliyomaliza ya 27. Ilikuwa na vizee viwili vilivyokuwa nyota zamani, kipa wa kawaida, na zamu yangu ya raundi ya kwanza kwenye drafti iliyofuata, ambayo kwa timu ya 27 ni mali kubwa kuliko hao wote. Nilikaa nayo siku tisa. Siku ya kumi nikamwona winga mmoja wa miaka 31 sokoni. Msimu uliopita alikuwa amefunga mabao 41. Nikampigia hesabu: nikimpata huyu, mtoano tunaingia. Mwenye naye alikuwa mkongwe wa ligi, mtu mwenye makombe, na nashukuru kwamba alinipa nafasi ya kujiokoa. Mazungumzo yetu bado ninayo:

"Dogo, una uhakika? Huyu bwana ana miaka 31."

"Nina uhakika, kaka. Mabao 41 hayo."

"Unanipa zamu yako ya kwanza, haina masharti?"

"Haina masharti."

"Haya. Nimeshakubali."

Msimu ule winga wangu alifunga mabao 19. Nilidhani ameumia na programu haijaandika. Nilidhani nimempanga na senta asiyemfaa. Nilimhamisha kutoka kushoto kwenda kulia, nikamrudisha. Ilinichukua miezi kufungua ukurasa ambao ningeufungua kabla ya kumnunua: idadi ya mashuti. Mwaka wa mabao 41 alipiga mashuti 190, yaani katika kila matano moja liliingia. Mwaka wake kwangu alipiga 185. Hakubadilika kitu, bahati ilikuwa imemrudia aliyeikopesha. Katika hoki mashuti yanayoingia huwa karibu na asilimia 10, na mtu akipaa hadi 20 kwa msimu mmoja, mara nyingi atashuka. Tangu siku hiyo simtazami mfungaji kwa mabao. Natazama anapiga mara ngapi, kwa sababu kupiga kunatoka kwake mwenyewe.

Zamu niliyoitoa ilimpatia yule mkongwe senta wa miaka 18 ambaye hadi leo ananifunga kila tukikutana.

Mtu mwenye akili angetulia hapo. Mimi nikaongeza kasi. Msimu wa pili nikaamua tatizo ni kwamba nyota mmoja hatoshi, nikatafuta watatu. Wawili niliwasaini kwa dola milioni 11 kila mmoja kwa mwaka, wa tatu milioni 9. Majina matatu makubwa kwenye mstari mmoja. Kundi la mameneja lilinipongeza, na kwa wiki mbili nilitembea kama mwenye kombe tayari.

Hapa inabidi nieleze kikomo cha mishahara, kwani ndicho kinachoua mameneja wengi. NHL yenyewe ilikianzisha baada ya mgogoro wa 2004-05, msimu uliofutwa wote bila mechi hata moja. Walipoanza kilikuwa dola milioni 39 kwa timu. Ligi yetu imeweka milioni 80. Huruhusiwi kuzidisha, uwe na tajiri au usiwe naye. Sasa piga hesabu yangu: nyota watatu milioni 31, zimebaki 49 za kugawana watu 20. Wastani ni milioni 2.45 kwa kichwa, na humo ndani nitoe kipa, mabeki sita na mistari mitatu. Nilichobaki nacho kilikuwa nyota watatu na msafara wa abiria.

Na kuna jambo ambalo mtu aliyezoea soka anachelewa kulielewa, mimi nilichelewa sana. Kwenye soka nyota wako anacheza dakika 90. Kwenye hoki mshambuliaji bora kabisa anakaa barafuni dakika 20 hivi kati ya 60. Dakika 40 zilizobaki nyota wako amekaa benchi anakunywa maji, na timu inaendeshwa na watu uliowasajili kwa makombo. Mstari wangu wa kwanza uliwafunga wapinzani kila siku. Mistari mitatu iliyobaki ilirudisha mabao yote, na chenji juu.

Kipa naye nilikuwa nimempuuza, kwa fikra kwamba kipa ni kipa. Siku moja nikakaa na karatasi. Timu yangu ilikuwa inapigiwa mashuti 30 kwa mechi. Kipa anayeokoa asilimia 90 anafungwa matatu. Anayeokoa asilimia 92 anafungwa 2.4. Ukiangalia juu juu unaona ni kitu kile kile. Zidisha kwa mechi 82: tofauti ni mabao 49 kwa msimu. Hakuna mshambuliaji wa milioni 11 anayekuongezea mabao 49 juu ya yule ambaye ungempata kwa milioni mbili. Asilimia mbili hizo za langoni ndizo zilizokuwa zinauzwa bei rahisi kwenye ligi yetu, na mimi nilikuwa nazipita kila siku nikienda kuangalia wafungaji.

Msimu wa tatu ndio niliolia. Nasema hivyo bila aibu, ingawa machozi yenyewe yalikuwa ya hasira zaidi. Tulikuwa tunapigania nafasi ya mwisho ya kuingia kwenye mtoano. Siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji nilimtoa senta wangu wa pili nikapata beki mzuri, dili ambalo hadi leo nalitetea. Nikafurahi, nikalala. Sikutuma faili jipya la kikosi. Programu ilipokuta nafasi wazi ilijijazia yenyewe, na kwa sababu inazozijua yenyewe ilimpanga beki acheze senta kwenye mstari wa pili. Niligundua siku tatu baadaye, mechi nne zikiwa zimeshachezwa na zote nne tumepigwa. Tulikosa mtoano kwa pointi mbili. Ushindi mmoja ni pointi mbili.

Nilimwandikia msimamizi ujumbe mrefu wenye maneno ambayo mtu mzima hapaswi kuyaandika, nikidai mechi zirudiwe. Alinijibu kwa sentensi moja: kanuni inasema anayebadilisha kikosi anatuma faili. Ilinibidi kuomba radhi mbele ya kundi zima. Tangu hapo nina utaratibu usiobadilika, na naukabidhi kama ulivyo: faili kwanza, kushangilia baadaye. Kila dili, kila majeruhi, kila kijana anayepandishwa, natuma, kisha nafungua tena nione kilichopokelewa. Angalia pia nani yuko langoni, maana programu nyingi zikishindwa kuamua zitakupangia kipa wa akiba bila kukuuliza.

Gharama nyingine haiko kwenye jedwali lolote. Nilikuwa natumia saa kumi hivi kwa wiki, na wiki ya mwisho ya usajili hata ishirini. Mke wangu alinikuta saa nane usiku nimeinamia orodha ya mabeki wa kushoto, akauliza kuna msiba gani. Nikamweleza kwa kirefu kuhusu beki aliyepangwa senta. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mume wangu, lakini hao watu si hawapo?" Nikakosa jibu. Siku hizi nina siku mbili kwa wiki za kufungua timu, basi, na ajabu ni kwamba tangu nipunguze muda nimepunguza na dili za kijinga. Nyingi zilizaliwa usiku wa manane, pale unapobadilishana wachezaji ili tu kitu fulani kitokee.

Mwisho wa msimu ule nilifanya nilichopaswa kukifanya siku ya kwanza. Nilikaa na orodha, nikaandika umri wa kila mchezaji, na pembeni mwaka ambao mkataba wake unaisha. Nyota wangu walikuwa na miaka 30, 31 na 33. Katika programu yetu mshambuliaji anaanza kuteremka akivuka 31, na anapoteremka anaanza na kasi. Vijana wangu wa maana walikuwa wawili tu, wa miaka 19 na 20. Yaani wazee wangu wangekuwa wameisha siku hao vijana wanaiva. Kwa misimu mitatu nilikuwa napigania mwaka ambao haukuwa wangu.

Nikauza. Winga wa mabao 41, kwaheri, kwa zamu ya raundi ya tatu. Nyota wa milioni 11 nikawasambaza kwa timu zilizokuwa karibu na kombe, kila mmoja kwa zamu ya kwanza na kijana mmoja. Mmoja wao nilikubali kuendelea kumlipia nusu ya mshahara, ndipo akachukulika. Hilo linauma kulikubali, ila nafasi chini ya kikomo unayo tele mwaka unaobomoa, hivyo itumie kununulia kesho.

Kubomoa kuna maumivu yake. Tulifungwa mechi 11 mfululizo. Ukifungua simu asubuhi unakuta tano kwa moja, sita kwa bila, na utani kwenye kundi. Tulishika mkia, nikajipa moyo kwamba angalau tutachagua wa kwanza. Wapi! Zamu ya kwanza inatolewa kwa bahati nasibu. Anayeshika mkia ana nafasi kubwa kuliko wengine lakini hana hati. Tuliangukia ya tatu. Msije mkajenga mpango wenu juu ya mchezaji mmoja ambaye hamjampata bado.

Drafti ina raundi saba, na wengi huamka raundi mbili za kwanza kisha wanaiachia programu iwachagulie. Mimi nilikuwa nimekusanya zamu 13 katika drafti mbili na nikakaa hadi ya mwisho. Niliipata imani hiyo kwa Detroit Red Wings, timu ya NHL. Mwaka 1998 walimchukua Pavel Datsyuk akiwa wa 171. Mwaka uliofuata wakamchukua Henrik Zetterberg, wa 210. Mwaka 2008 walibeba Kombe la Stanley, ndilo kombe la ubingwa wa NHL, Zetterberg akiwa mchezaji bora wa mtoano. Kwenye raundi za chini sikutafuta kijana mzuri kwa kila kitu, maana hao wameshaondoka. Nilitafuta mwenye kitu kimoja kikubwa na kasoro zinazorekebishika. Beki mmoja wa raundi ya tano alikuwa mzito kama gunia la chumvi lakini shuti lake lilikuwa na alama 88 kati ya 100. Mkumbuke huyo. Wengine 12? Wanne wamecheza. Wanane sijui hata waliko.

Msimu wa tano sina mengi ya kusema. Vijana walikua, tulimaliza wa 14, tukatolewa raundi ya kwanza. Somo pekee la maana lilikuwa la nidhamu, alama ambayo nilikuwa siiangalii kabisa. Mchezaji akikosea anatolewa dakika 2 na timu inacheza pungufu. Kwa kawaida mpinzani anafunga katika nafasi kama moja kati ya tano za namna hiyo. Sisi tulikuwa tunaadhibiwa mara sita kwa mechi. Hilo ni bao moja na ziada unalompa mpinzani kabla mchezo haujaanza. Nilimtoa winga mmoja mwenye kipaji na mdomo, nikaweka mtulivu wa kawaida, adhabu zikashuka, na mabao ya kufungwa yakashuka nayo. Hakuna aliyenipongeza kwa dili hilo.

Kisha ukaja msimu wa sita, na kipa. Alikuwa na miaka 32, timu yake inajenga upya, mshahara milioni 4.5 na mkataba wa misimu miwili. Meneja wake aliomba kijana mmoja na zamu ya raundi ya pili. Nikatoa siku hiyo hiyo. Makipa kwenye programu yetu huchelewa kuzeeka, kwa hiyo hofu ya miaka 31 haiwahusu sana. Tulishinda mechi 56. Tulikuwa wa kwanza ligi nzima. Nikaandaa na maneno ya kusema nikikabidhiwa kombe.

Tulitolewa raundi ya kwanza, mechi nne kwa mbili, na timu iliyoingia kwa kuchungulia dirishani.

Nilikaa siku tatu bila kufungua simu ya ligi. Nilitaka kubomoa tena, kumfukuza kila mtu, kipa wa kwanza. Kilichonizuia ni historia na hesabu. Historia: Tampa Bay Lightning msimu wa 2018-19 walishinda mechi 62 kati ya 82, halafu Columbus wakawatoa raundi ya kwanza nne kwa bila. Boston msimu wa 2022-23 walishinda 65, rekodi ya NHL, na wao wakaaga raundi ya kwanza mbele ya Florida. Hesabu: chukua timu bora kiasi kwamba kila mechi ina uwezekano wa asilimia 60 wa kushinda. Katika raundi ya mechi saba itapita mara 71 kati ya 100. Lakini kombe ni raundi nne mfululizo, na asilimia 71 hizo ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe kwa raundi zote nne zinabaki kama 25. Timu bora kuliko wote itabeba kombe mara moja kati ya nne. Mara tatu nyingine meneja wake atakaa siku tatu bila kufungua simu.

Tampa hawakubomoa. Waliongeza watu wa kazi. Kiangazi kile walimchukua Pat Maroon na Kevin Shattenkirk, na Februari 2020 wakatoa zamu za raundi ya kwanza kuwapata Blake Coleman na Barclay Goodrow, washambuliaji wa mstari wa tatu, watu wa kukaba na kugombania pembeni. Walibeba kombe 2020, wakarudia 2021.

Nikaiga bila haya. Orodha yangu ya umri sasa ilisema kitu kingine: mstari wa kwanza wote walikuwa kati ya miaka 22 na 26, wawili wakiwa bado kwenye mikataba ya chipukizi ya chini ya milioni moja, na mikataba hiyo ingeisha mwaka mmoja baadaye. Baada ya hapo wangetaka fedha halisi, na ningelazimika kumwachia mtu. Yaliwakuta Chicago: mwaka 2010 walitwaa kombe lao la kwanza tangu 1961, na kiangazi hicho hicho kikomo cha mishahara kikawalazimisha kuwaachia kina Dustin Byfuglien na Andrew Ladd. Mwaka wangu ulikuwa huo mmoja.

Kwa hiyo nikatoa tena zamu yangu ya raundi ya kwanza. Kwa nani? Senta wa mstari wa tatu mwenye miaka 29, asiyefikisha mabao 12 kwa msimu, ambaye alama yake pekee ya kujivunia ilikuwa kugombea kisahani pale mwamuzi anapokidondosha. Kundi lilinicheka. Mtu akaandika kwamba nimerudia ujinga wangu wa msimu wa kwanza. Kwa kweli dili lilikuwa lile lile, zamu ya kwanza kwa mtu mzima. Ila msimu wa kwanza zamu ile ilikuwa ya timu ya 27, na niliitoa kununua mabao ya bahati nikiwa sina kipa. Safari hii ilikuwa ya timu ya juu, karibu na mwisho wa raundi, na nilikuwa nanunua kitu kimoja nilichokosa. Yule mkongwe aliyeninyoa mara ya kwanza aliniandikia pembeni: "Hii sasa umeifikiria." Niliitunza sentensi hiyo kuliko kombe.

Msimu wenyewe wa saba ulikuwa mbaya kuliko wa sita. Tulishinda 47 tu. Beki wangu wa kwanza aliumia goti, mechi 30 nje. Ila tulifika mtoano wote wazima, na kipa akawa ukuta. Raundi ya kwanza mechi sita, ya pili mechi saba, ya tatu tano. Fainali tukakutana na nani? Mkongwe, na senta wake niliyemzawadia.

Mechi ya saba, mbili kwa mbili hadi dakika 60. Kwenye mtoano muda wa nyongeza ni vipindi vya dakika 20 na bao la kwanza linamaliza kila kitu. Kipindi cha kwanza cha nyongeza kilipita, mashuti tisa kwa kumi na moja. Cha pili, dakika ya saba, adhabu. Yetu. Nikaweka simu chini nikaenda kunawa uso. Niliporudi tulikuwa tumeokoka na mchezo unaanza upya upande wao, kulia mwa kipa. Nayakumbuka maandishi neno kwa neno, mistari mitatu. Wa kwanza: senta wa mstari wa tatu ashinda kisahani. Wa pili: kinarudi kwa beki. Beki mwenyewe ni yule gunia la chumvi wa raundi ya tano. Wa tatu: apiga shuti, kisahani chamgonga beki wa mpinzani mguuni, BAO.

Halikuwa bao la kutengenezewa filamu. Nilipiga kelele, mke wangu akaja mbio akidhani nimeungua. Nikamwonyesha mistari ile. Akaisoma, akaniangalia, akasema, "Hongera, baba," kwa sauti ya mtu anayempongeza mtoto aliyefunga kamba za viatu, akarudi kulala. Mkongwe alituma ujumbe mmoja: "Umestahili, dogo. Bao baya sana."

Hayo yalikuwa wiki tatu zilizopita. Jana nimefungua jedwali la mishahara kwa mara ya kwanza tangu fainali. Wale vijana wawili wa mikataba ya chipukizi wanataka milioni 15 kwa pamoja. Beki mwenye shuti anataka sita. Senta wa kisahani nitamwachia aende, nimeshakubali moyoni. Bado kipa. Amefikisha miaka 34 na anaomba milioni 8 kwa misimu mitatu. Hesabu zangu zote, zile zile nilizowaandikia hapo juu, zinasema nisimpe. Soko linafunguliwa Julai 1 kwa kalenda ya ligi, yaani kesho kutwa saa nne usiku, na ofa ya milioni 8 nimeshaiandika mara mbili na kuifuta.